Glasi Isiyoonekana: Kuusoma Upya Mwisho wa Shutter Island

Kumekucha shwari baada ya siku za dhoruba. Wanaume wawili wamekaa kwenye ngazi za hospitali ya wagonjwa wa akili, wanavuta sigara. Mmoja anamwita mwenzake Chuck na kumwambia kwamba lazima waondoke kisiwani, maana hapa kuna mabaya yanatendeka. Chuck anageuza uso kuwatazama madaktari waliosimama ng'ambo ya bustani wakisubiri, kisha anatikisa kichwa kidogo tu. Wauguzi wanaanza kusogea, na mmoja wao amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Hapo yule wa kwanza anauliza, kwa sauti ya mtu anayejisemea, lipi litakuwa baya zaidi kwa binadamu, kubaki hai akiwa zimwi au kwenda zake akiwa mtu mwema. Hangoji jibu. Anainuka na kuwafuata wauguzi. Mwenzake anamwita, "Teddy?" Hageuki. Picha inahamia kwenye mnara wa taa kando ya bahari, na mkanda unakwisha.

Shutter Island ya Martin Scorsese ilitoka Februari 2010, na ubishi kuhusu dakika hizo chache haujapoa hadi leo. Yupo anayeapa kwamba Teddy, aliyeigizwa na Leonardo DiCaprio, ni askari mzima wa akili aliyetegwa na madaktari wauaji. Mwingine anasema ni mgonjwa tangu picha ya kwanza. Wa tatu anashikilia kwamba alikuwa mgonjwa, akapona, na pale kwenye ngazi alikuwa anaigiza tu. Wote watatu wameitazama filamu ileile. (Ambaye hajaiona na hataki kuharibiwa uhondo aishie hapa.)

Lugha ya Kiswahili ina njia mbili za kuficha maana, na tofauti yake inasaidia sana hapa. Kitendawili kina jibu moja. Mtegaji analijua, na anayeshindwa hutoa mji, akaambiwa jibu, mchezo ukaendelea. Fumbo halina mji wa kutoa. Aliyelifumba anaweza kuwa na makusudi mawili kwa pamoja, na anayelifumbua hulipima kwa kumjua aliyesema, aliyeambiwa na kilichokuwa kati yao. Shutter Island ina vyote viwili. Kitendawili chake kinajibiwa ndani ya mnara wa taa, filamu ikiwa bado haijaisha. Fumbo linakuja baadaye, pale kwenye ngazi. Mabishano mengi huwa ya watu wanaoendelea kutegana kitendawili kilichokwisha kujibiwa, huku fumbo likiwapita pembeni.

Kosa hilo lina sababu, na sababu yenyewe ni steringi, yaani shujaa wa filamu. Watazamaji waliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, wanajua kanuni: steringi hafi, na steringi hadanganyi. Anachokiona ndicho kilichopo, na anayemshuku ndiye adui. Scorsese anaijua imani hiyo vizuri, na filamu yake nzima imesimama juu yake. Mwaka ni 1954. Teddy Daniels, askari wa serikali kuu ya Marekani, anapanda kivuko kwenda Ashecliffe, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili iliyoko kisiwani karibu na Boston. Anakwenda na mshirika wake mpya, Chuck Aule, aliyeigizwa na Mark Ruffalo. Kazi yao ni kumtafuta Rachel Solando, mwanamke aliyewazamisha watoto wake majini na sasa ametoweka kwenye chumba kilichofungwa. Teddy ana lengo lake la siri pia: anamsaka Andrew Laeddis, mtu anayeamini alichoma nyumba na kumuua mkewe.

Ndani ya mnara wa taa, Dakta Cawley, aliyeigizwa na Ben Kingsley, anamwonyesha majina manne yaliyoandikwa. Herufi 13 za Edward Daniels ndizo zilezile 13 za Andrew Laeddis. Herufi za Rachel Solando ndizo za Dolores Chanal, jina la mkewe kabla ya kuolewa. Teddy ndiye Laeddis. Amelazwa Ashecliffe kwa miaka miwili. Mkewe, aliyekuwa mgonjwa wa akili, aliwazamisha watoto wao watatu kwenye ziwa nyuma ya nyumba, na yeye akampiga risasi. Chuck hakuwa askari hata siku moja. Ni Dakta Sheehan, daktari wake. Upelelezi wote ulikuwa mchezo uliopangwa na madaktari wake, wakitumaini kwamba akiufuata uongo wake hadi mwisho atauona ukuta wenyewe.

Jibu ndilo hilo, na uthibitisho wake umetawanywa kwenye filamu tangu mwanzo, mbele ya macho ya kila mtu. Langoni, askari hao wawili wanatakiwa kukabidhi bastola zao. Teddy anaitoa yake kwa mkono mmoja, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Chuck anahangaika na mkanda wa kiunoni mpaka anatoa bastola na mfuko wake pamoja. Walinzi waliojipanga njiani wamekaza vidole kwenye bunduki, na wanayemtazama ni Teddy. Baadaye wanatumwa kumtafuta mgonjwa hatari aliyetoroka, nao wamekaa tu juu ya miamba, kama watu wanaojua kwamba hakuna aliyepotea.

Lakini tukio la kulitazama kwa karibu ni lile la glasi ya maji. Teddy anawahoji wagonjwa mmoja mmoja, na mbele yake ameketi mama mmoja aliyemuua mumewe kwa shoka. Anapoulizwa kuhusu Dakta Sheehan, anababaika kidogo na jicho linamponyoka kuelekea kwa Chuck. Kisha anaomba maji. Chuck anakwenda kumletea. Akiwa amewapa mgongo, mama anakinyakua kijitabu cha Teddy na kuandika neno moja: kimbia. Chuck anarudi na glasi. Mama anaipokea, anainua mkono hadi mdomoni, anakunywa, na mkononi hamna kitu. Vidole vimekunjwa kuzunguka hewa. Picha inayofuata, glasi ipo, inarudishwa mezani.

Wapo wanaosema ni kosa la uhariri. Ni vigumu kukubali. Mhariri wa filamu hiyo ni Thelma Schoonmaker, aliyeshinda Oscar tatu kwa kazi zake na Scorsese, na glasi haipotei kwenye filamu isiyojali maji. Filamu hii inayajali kuliko kitu kingine chochote. Teddy anatapika kwenye kivuko, mvua inampiga siku nzima, na kwenye ndoto zake mkewe anavuja maji. Upande wa pili upo moto: njiti za kiberiti anazoziwasha kwenye giza la Wadi C, moto wa pangoni anapokutana na mwanamke anayemwamini kuwa ndiye Rachel wa kweli, moto anaodai ulimuua mkewe. Ukirudi na kuhesabu, karibu kila penye moto Teddy anaona au kusikia kisichokuwapo, na maji yanapoingia ukweli unabisha hodi. Basi pale mezani, kwa sekunde moja, tunaona kwa macho yake. Maji yapo, ila akili yake imekataa kuyaona.

Kama ushahidi ni mwingi hivi, kwa nini watu wengi wenye akili timamu bado wanashikilia kwamba Teddy alifanyiwa njama? Wana hoja, na wanastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni neno lile kwenye kijitabu: kwa nini mgonjwa amwambie akimbie, kama hakuna hatari? Nguvu ya neno hilo haipungui hata baada ya kuitazama filamu mara tatu. Lakini mama yule haandiki uongo. Anaishi wadi moja na watu hawa, anajua ni mchezo, na huenda anajua pia kitakachompata Laeddis mchezo ukishindikana. Hatari ipo kweli. Inatoka upande ambao Teddy hautazami.

Hoja ya pili ni historia, na hii ndiyo inayoipa filamu uzito wake. Mambo ambayo Teddy anawashuku madaktari yalikuwa yakitendeka. Upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo ulianzishwa na Mreno Egas Moniz mwaka 1935, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Nchini Marekani, Dakta Walter Freeman alibuni mwaka 1946 njia ya kupitisha chuma chembamba juu ya jicho hadi kwenye ubongo. Chuma chake cha kwanza kilikuwa cha kuvunjia barafu. Maelfu kwa maelfu ya watu walifanyiwa hivyo, na wengi walibaki watulivu kwa sababu hawakuwa na kitu tena ndani cha kuwasumbua. Mwaka 1953 shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilianza mpango wa siri ulioitwa MKUltra, wa kuwajaribia watu dawa za kuvuruga akili, baadhi yao bila wao kujua. Na mwaka huohuo wa 1954 ambamo hadithi imewekwa, dawa ya klopromazini iliidhinishwa nchini humo, ikaanza kuwapa madaktari njia nyingine. Cawley mwenyewe anamweleza Teddy kuhusu vita kati ya wanaoamini kisu na wanaoamini vidonge, huku yeye akitaka kuamini mazungumzo.

Kwa hiyo mwenye kuamini njama hawezi kuitwa mjinga. Anakosea mahali pamoja tu: anawasahau watoto. Ili Teddy awe mzima, ziwa lile liwe uongo uliopandikizwa kichwani mwake. Lakini msichana mdogo anamjia ndotoni na kumuuliza kwa nini hakumwokoa, muda mrefu kabla daktari yeyote hajamtajia kwamba aliwahi kuwa na binti. Na Scorsese anapofika kwenye tukio la ziwani anaacha mbwembwe zote. Hakuna majivu yanayoelea, hakuna dhoruba. Kuna mchana wa kawaida, nyasi, mwanamume anayetembea ndani ya maji na nguo zake huku akipiga kelele, akiwatoa watoto mmoja baada ya mwingine. Tukio hilo halivumiliki, na ndiyo maana mtazamaji, kama Teddy, angefurahi kupewa njama badala yake. Njama ina mtu wa kulaumiwa. Laeddis alipuuza dalili zote za ugonjwa wa mkewe, hata mke huyo alipoichoma nyumba yao ya mjini. Yeye alikunywa pombe na kutazama pembeni. Anayemsaka kisiwani kote kwa ajili ya moto ule ni yeye mwenyewe.

Kitendawili kimekwisha hapo. Linabaki fumbo la kwenye ngazi.

Baada ya mnara, Laeddis anakiri yote kwa jina lake halisi. Cawley anaeleza hofu yake: miezi tisa iliyopita mgonjwa huyu alifikia hapohapo, akakubali ukweli, kisha akarudi kuwa Teddy kama kanda iliyorudishwa mwanzo. Akirudi tena, atapasuliwa ubongo. Kwa hiyo asubuhi ile anapomwita Dakta Sheehan "Chuck", njia ni mbili. Ama kanda imerudi mwanzo kweli, ama mtu huyu anajua kila kitu na amechagua.

Riwaya ya Dennis Lehane iliyozaa filamu hii, ya mwaka 2003, inaegemea njia ya kwanza. Swali la zimwi na mtu mwema halimo. Liliongezwa kwenye filamu, ambayo muswada wake uliandikwa na Laeta Kalogridis, na sentensi hiyo moja inageuza kila kitu. Mtu aliyerudi kwenye ndoto ya Teddy hana sababu ya kujiita zimwi, kwa kuwa Teddy ni shujaa. Anayeweza kuuliza swali lile ni Laeddis peke yake. James Gilligan, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa mshauri wa filamu, alilielewa hivyo pia: mtu huyu hawezi kuishi na hatia yake, basi anajipeleka kwenye kisu kana kwamba anajiua kwa mikono ya wengine.

Na lipo jingine ambalo halitajwi sana. Laeddis anapoinuka, Sheehan anamwita "Teddy". Jina hilo ni la ndoto. Kama angekuwa ndani ya ndoto, hilo ndilo jina ambalo lingemfanya ageuke. Anaendelea kutembea kama mtu aliyesikia likiitwa jina la mwingine. Daktari amenyanyuka nusu, mdomo wazi, na usoni mwa Ruffalo unaona mtu aliyeelewa kwa kuchelewa. Ameshatoa ishara. Ameshatikisa kichwa.

Je, hii inafunga mjadala? Haifungi, na haipaswi. Fumbo hupimwa kwa uzito wa ushahidi, na ushahidi hapa unaelemea upande wa uchaguzi. Ila mtu anayesema Laeddis alipata mwanga wa sekunde moja tu kisha akazama tena hajaikosea filamu heshima.

Muundo huu una babu yake. Mwaka 1920, nchini Ujerumani, Robert Wiene aliongoza The Cabinet of Dr. Caligari: kijana anasimulia habari za daktari mwovu anayemtumia mtu anayetembea usingizini kuua watu, na mwishoni tunagundua kwamba msimulizi ni mgonjwa na Caligari ndiye mkuu wa hospitali yake. Mmoja wa waandishi, Hans Janowitz, alilalamika baadaye kwamba mwisho huo walilazimishwa, na kwamba uligeuza shutuma yao dhidi ya wenye mamlaka kuwa maneno ya kichaa. Siegfried Kracauer aliieneza hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1947. Swali alilolizusha halijazeeka: filamu inapotuambia kwamba anayewashuku wakubwa ni mgonjwa, inamtetea nani? Shutter Island inalijibu kwa namna yake. Teddy anakosea kuhusu Cawley, lakini hakosei kuhusu zama zake, na mwisho wa yote chuma kipo, kimefunikwa kitambaa.

Si kila mwisho unaochanganya umetengenezwa kwa makusudi. Mary Harron, mwongozaji wa American Psycho ya mwaka 2000, amekiri hadharani kwamba alishindwa kwenye mwisho wake, kwa sababu watu wengi walitoka wakiamini kwamba mauaji yote ya mhusika mkuu, Patrick Bateman, yalikuwa njozi, wakati yeye hakutaka hilo. Ukilitazama tena tukio ambalo Bateman anakiri kwa wakili wake, unaona nia yake. Wakili anamwita kwa jina la mtu mwingine, kisha anadai alikula chakula cha jioni London na mtu ambaye Bateman anasema alimuua. Matajiri hawa hawatambuani sura. Wakili aliyemkosea jina Bateman anaweza vilevile kuwa alikula na mtu tofauti kabisa. Maana ilikuwapo, ila haikupewa nafasi ya kutosha kuonekana.

Upande wa pili kabisa yupo Alfred Hitchcock, aliyemweka daktari mwishoni mwa Psycho, mwaka 1960, aeleze kwa kirefu kilichomsibu Norman Bates. Hakuna filamu iliyowahi kumhurumia mtazamaji kiasi hicho. Hata hivyo kinachobaki kichwani ni uso wa Norman baada ya maelezo kwisha, akitabasamu, na fuvu la mama yake likipita juu yake kwa sekunde chache.

Yupo pia Michael Haneke, ambaye katika Caché ya mwaka 2005 hakuhurumia mtu. Familia moja ya Paris inaletewa kanda za video zinazoonyesha nyumba yao ikitazamwa. Baba, Georges, anamkumbuka Majid, mvulana wa Kialgeria ambaye yeye, akiwa mtoto, alimsingizia mpaka akafukuzwa nyumbani kwao, baada ya wazazi wa Majid kutoweka kwenye maandamano ya Oktoba 1961, ambapo polisi wa Paris waliwaua Waalgeria. Picha ya mwisho ni ngazi za shule, wanafunzi wakitoka. Kwenye kona ya kushoto mtoto wa Georges na mtoto wa Majid wanazungumza; sauti zao hazisikiki, na wengi hawawaoni kabisa. Nani alituma kanda? Haneke hajibu. Anayeng'ang'ana na swali hilo anafanya alichokifanya Georges filamu nzima: anamtafuta mkosaji wa nje.

Hapo ndipo kazi ya wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili, kama marehemu Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, inapokuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Msimulizi anaongea juu ya picha, na huwezi kusimulia bila kutaja. Akifika kwenye Shutter Island itambidi aamue tangu dakika ya kwanza: amwite Teddy au Andrew? Akisema "steringi anaingia kisiwani kumsaka mwanamke aliyetoroka", ameshaingia kwenye ndoto pamoja naye, na watazamaji wote nyuma yake. Akisema "mgonjwa", ameua filamu. Kamera haina shida hiyo. Inaonyesha mtu tu, na kumwachia kila mtazamaji ampe jina.

Ndiyo maana filamu za namna hii hazisomeki kwa kurudia dakika za mwisho. Zinasomeka kwa kurudi mwanzo. Ukungu umefunika bahari, na kivuko kinatokeza polepole. Ndani, kwenye chumba kidogo, mwanamume ameinamia beseni, ametapika, anajinawisha uso. Anajitazama kwenye kioo na kujiambia ajikaze, ni maji tu. Maji mengi, lakini ni maji tu. Mara ya kwanza tulidhani bahari imemchafua tumbo.